Shoga, usiimeze kwanza hiyo omeprazole

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, watoto wazima. Najua nimenyamaza tangu arobaini ya baba, uniwie radhi, hayo tutayaongea tukionana. Leo lipo moja tu. Zuhura kaniambia kwenye harusi ya kwa Bi Shamsa ulikula matonge mawili ya pilau ukasukuma sahani, mkono umeshika chembe cha moyo. Na kwamba umerudi duka la dawa kununua omeprazole, hiyo dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Mwanaidi, ya mara ya ngapi hiyo?

Usiimeze kwanza. Pima H. pylori, bakteria wa tumboni.

Mimi nilihangaika miaka mitatu. Kiungulia, gesi, kushiba kabla sijala. Utrasaundi safi, nikamezeshwa kamera, kidonda hakuna. Nikaambiwa nipunguze mawazo. Mawazo ninayo, nani hana? Mpaka daktari mmoja kijana akaniuliza kama nimewahi kupima H. pylori. Nikamjibu, si nimeshaambiwa sina vidonda? Akasema bakteria huyu hana haja ya kidonda ili akusumbue. Anaishi kwenye ute wa tumbo, anajitengenezea amonia inayopoza asidi iliyomzunguka, na ukuta wa tumbo unabaki umevimba miaka na miaka.

Akanisimulia habari za Barry Marshall, daktari wa Australia. Yeye na mwenzake Robin Warren walikuwa wakisema bakteria ndio chanzo cha vidonda vya tumbo, watu hawawaamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria wenyewe! Siku chache tu, kichefuchefu, kutapika, mdomo unanuka. Walipomwingiza kamera, kidonda hawakukuta. Walikuta tumbo limevimba. Hapo ndipo nilipojiona mimi. Wamepewa Nobeli mwaka 2005, na sisi huku bado tunaambiwa ni pilipili.

Sasa sikiliza vizuri. Omba kipimo cha kinyesi. Watakupa kikopo chenye kijiko kidogo kwenye mfuniko, usione haya. Cha damu usikitegemee, maana damu inaweza kuonyesha hata bakteria alishakufa zamani. Mama mdogo alirudishiwa dozi nzima kwa sababu hiyo, akatapika wiki mbili bure, mpaka leo nikikumbuka naumia. Na hiyo omeprazole uwe umeiacha wiki mbili kabla ya kupima, antibayotiki wiki nne, la sivyo bakteria anajificha na kipimo kinasema huna. Ndiyo maana nakwambia usiimeze! Kiungulia kikizidi, vile vidonge vya kutafuna vya magnesium sikukatazwa. Ila kama umewahi kupata choo cheusi au kutapika damu, au unapungua mwili, usiache wala kungoja chochote, nenda hospitali mara moja.

Wakimkuta, dozi ni siku 14. Mimi nilipewa omeprazole na antibayotiki mbili, amoxicillin na clarithromycin, asubuhi na jioni. Mdomo ulikuwa mchungu kama nimenyonya sarafu, chai haina ladha. Usikatishe hata siku moja, akibaki anakuwa sugu. Halafu unapima tena wiki nne baada ya kumaliza dozi.

Sitakudanganya. Karibu nusu ya watu duniani wanaye na wengi hawasikii chochote, na wapo wasio na kidonda wanaotibiwa na kiungulia kikabaki palepale. Daktari alinionya nisihukumu kabla ya miezi sita. Mwezi wa kwanza nililia kwa kukata tamaa. Wa nne, usiku mmoja, nilikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikaoga, nikalala chali mpaka alfajiri. Ningetamani na wewe... basi, wewe pima tu.

Je, pale kwenu Morogoro kipimo cha kinyesi kipo au nikutafutie huku? Hela ya kipimo unayo? Usinifiche. Umeshaanza kumeza au bado? Na zile diclofenac za goti unameza bado, maana nazo zinachubua tumbo? Choo chako kikoje? Shemeji anajua unavyoumwa, au unamficha kama kawaida yako? Nijibu kesho, usingoje Ijumaa.

Wako,
Mama Salma