Muda wa safari ya ndege tuambiwe wote

Mhariri, naomba nafasi maana hili linaniuma. Watu wanaangalia mtandaoni wanaona kiwanja hiki kidogo mpaka kile ni kilomita 400, wanagawanya kwa spidi ya ndege wanapata dakika 48, basi wanapanga mambo yao hapohapo, halafu ikichukua saa nzima na zaidi lawama zote kwa rubani. Jamani, hiyo 400 ni mstari mfupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, ndege mara nyingi haifuati huo, inafuata njia za anga zilizopangwa na ikifika huenda ikabidi izunguke ili itue ikielekea upepo unakotoka.

Na spidi yenyewe, ATR 72 ya pangaboi inaenda kama kilomita 500 kwa saa ikishafika juu, sio muda wote, na safari fupi sehemu kubwa inaishia kwenye kupanda na kushuka, ndio maana hata jeti kwa umbali huo inaokoa dakika chache tu. Upepo wa mbele nao unakuchelewesha, wa nyuma unakusukuma, kwa hiyo kwenda na kurudi hakulingani.

Muda wa kwenye tiketi unaanza ndege ikitoka maegeshoni mpaka isimame upande wa pili. Gazeti lenu likiandika ruti mpya liweke muda huo, na mkitaja maili semeni kama ni zile za baharini wanazotumia marubani, kilomita 1.85 kila moja, maana kuna watu wanapangia matibabu na mitihani kwa namba hizo.