Vijana wa Tanga wafundishwe mpira wa mikono mapema, na kwa kuucheza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie walimu wa michezo na wazazi wa Jiji la Tanga kuhusu mpira wa mikono, mchezo uliomo katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, lakini ambao vijana wengi huushika kwa mara ya kwanza wiki chache tu kabla ya timu kuteuliwa. Nawafundisha kwa kujitolea vijana wa miaka 13 hadi 16 katika uwanja wa vumbi huku Ngamiani, na nimeshawishika kwamba kinachowakwamisha ni namna tunavyowaanzisha.

Mwaka wangu wa kwanza niliwaketisha chini ya mwarobaini nikawasomea kanuni zote kwa mkupuo: wachezaji 7 kila upande, uwanja wa mita 40 kwa 20, hatua tatu tu ukiwa na mpira, sekunde tatu tu za kuushika, kutolewa nje kwa dakika mbili. Waliposimama kucheza, kila aliyepata mpira alinigeukia kwanza kuuliza kama anaruhusiwa kusogea. Siku hizi naanza na wanne kwa wanne katika nusu ya uwanja, bila kudundisha mpira, nao hupasiana tu hadi wafunge. Kanuni nyingine naileta pale mchezo wenyewe unapoidai.

Tukumbuke pia kwamba vijana hawa hawaji mikono mitupu. Msichana aliyelelewa katika mpira wa pete anadaka vizuri kuliko kaka zake, ila akishadaka husimama papo hapo, kama pete inavyomtaka, na mlinzi anakuwa ameshamfikia. Huyo namwambia ahesabu hatua zake kwa sauti, moja, mbili, tatu, kisha atoe au apige. Mvulana wa kandanda anajua kutafuta nafasi, lakini mpira ukishuka chini mguu wake hutangulia, ilhali hapa mchezaji asiye golikipa akiugusa mpira kwa sehemu iliyo chini ya goti anakuwa amekosa. Wote wawili wanahitaji mazoezi ya wiki kadhaa ili mwili usahau ulichozoea, na wiki hizo hazipatikani mashindano yakishabisha hodi.

Jambo linalowasumbua zaidi ni eneo la golikipa. Sisi watu wa Tanga kamba ya katani hatuikosi, basi naifunga kwenye mlingoti wa goli, napima mita 6, na vijana wenyewe wanazunguka nayo wakimwaga majivu, kwanza mlingoti huu, kisha ule, halafu wanaunganisha pinde mbili kwa mstari ulionyooka wa mita 3, ambao ni upana wa goli lenyewe. Aliyeuchora mstari huo hausahau. Ndani yake anakaa golikipa peke yake, lakini mshambuliaji anaweza kuruka kutoka nje akapiga akiwa bado hewani, mradi mpira umtoke mkononi kabla hajatua. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliruka hivyo, akafunga, akaangukia magoti vumbini, kisha akainua uso kunitazama mdomoni kama nitapuliza filimbi. Sikupuliza. Tangu jioni ile wenzake wote wanataka kuruka.

Suala la mpira wenyewe ni la kusikitisha. Katika shule moja nimewakuta wasichana wa miaka 13 wakifanyishwa mazoezi kwa mpira wa wanaume, wenye mzingo wa sentimita 58 hadi 60, wakiurusha kwa mikono miwili kwa sababu vidole haviufumbati. Kanuni zinawapa wasichana walio chini ya miaka 14 mpira wa sentimita 50 hadi 52, na wakubwa wao, pamoja na wavulana wa miaka 12 hadi 16, wa sentimita 54 hadi 56. Mtoto asiyeweza kuushika mpira kwa mkono mmoja hatajifunza kupiga, hata afundishwe na nani.

Kwa hiyo nawaomba walimu waanze Januari, shule zinapofunguliwa, hata kwa saa moja tu kila wiki, na wakuu wa shule waturuhusu sisi wa mitaani kutumia viwanja vyao Jumamosi asubuhi. Shule itakayokubali, nitafika na kamba yangu, vigingi na ndoo ya majivu, tuchore uwanja pamoja na wanafunzi.

Mwalimu wa kujitolea,
Ngamiani, Tanga