Chaji ikijaa toa gari

Mhariri, naandika kuhusu ripoti yenu ya uchache wa chaja za magari ya umeme huku pwani. Hapa Malindi shida si uchache wa chaja peke yake, ni watu kuacha gari limechomekwa hata likishajaa. Juzi nimetoka Mombasa, kama kilomita 120 hivi, nafika chaji imebaki kidogo nakuta gari la mtu kwenye chaja na mwenyewe yuko ufuoni, tukangoja masaa mawili na watoto juani, kwa kweli iliniuma.

Chaja ya kasi ikipita asilimia 80 inapunguza mwendo kulinda betri, sasa kungojea 100 ni kuwafungia wenzako. Wenye vituo watoze kila dakika baada ya kujaa, na dereva aache namba ya simu kwenye kioo.

Msomaji, Malindi