Kabla ya kumsifu samaki, ulizeni amelala wapi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala za mwisho wa wiki zinazozunguka mikahawa ya pwani, kuanzia Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, huwa tunazisoma neno kwa neno. Kasoro yake ni moja na inajirudia: mwandishi anatupa upepo wa bahari, taa za rangi na viti vya kamba, halafu anamaliza kwa kusema samaki alikuwa mtamu. Samaki gani? Alikaa motoni muda gani, na kabla ya hapo alilala kwenye barafu au kwenye beseni? Mtu anayeonja kwa niaba ya wasomaji, nao wakaenda kutoa fedha zao kwa neno lake, hana budi kuyajua haya. Sisi kazi yetu ni jikoni, kwa hiyo tutasema ya jikoni.

Tuanze na pweza, maana ndiye anayesifiwa ovyo kuliko wote. Pweza anayevutika mdomoni kama kandambili mara nyingi hana kosa. Kosa ni haraka ya mpishi. Nyama yake imejaa kolajeni, ile protini ngumu inayoshikanisha nyama, na hiyo hailainiki kwa moto mkali wa dakika 10. Inataka kutokota polepole. Pweza wa kilo moja na nusu ahesabiwe dakika 45 hadi saa nzima, kwenye sufuria iliyofunikwa, na maji ya kuanzia yasizidi kikombe kimoja, kwa kuwa atatoa maji yake mwenyewe, tena mengi. Chumvi isubiri mwisho. Maji yale yana chumvi tayari, na mpishi aliyetia mapema atajikuta na mchuzi usionyweka wakati umekauka nusu. Kumpiga mwambani husaidia kwa kuwa nyuzi za nyama hupondeka. Kumgandisha kwenye friza hufanya kazi hiyohiyo, kwani barafu hupasua nyuzi kutoka ndani. Ndiyo maana pweza wa friza anaweza kuwa laini kuliko wa leo asubuhi, na mkahawa usione haya kulisema hilo.

Kipimo cha kuiva ni kisu chembamba pale mnyiri, yaani mkono wa pweza, unapoungana na kichwa. Kikipita bila kukwama, aipuliwe. Akiachwa zaidi, ngozi na vile vikombe vya minyiri hubanduka vyote na nyama inageuka uji. Tena yupo pweza mwingine wa kulalamikiwa: yule mdogo anayeletwa mzima kwenye sahani ili apendeze kwenye picha. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza aliye chini ya gramu 500. Mwandishi anayempiga picha na kumwita "laini ajabu" angefikiria kwanza kwa nini amekuwa laini.

Jambo la mizani halipaswi kupita. Pweza wa kilo moja mbichi akishaiva hubaki kama nusu kilo. Kamba wakitolewa vichwa na maganda, karibu nusu ya uzito huenda jaani. Kambakochi hali kadhalika, au zaidi. Kwa hiyo bei "kwa kilo" haina maana mpaka useme kilo ya nini, kabla au baada ya moto. Hatukumbuki kusoma makala hata moja iliyoandika hilo.

Ngisi ana sheria yake, na ni ya kinyume. Apikwe dakika 2 au apikwe dakika 40. Katikati hapo hakuna kitu. Dakika ya tatu anaanza kukaza, dakika ya nane unatafuna mpira, na hatalainika tena mpaka achemke muda mrefu kwenye rojo. Sasa angalia kinachotokea mikahawani: oda tano zinaingia pamoja, mpishi anajaza kikaango, mafuta yaliyokuwa na nyuzi joto 180 yanashuka, pete za ngisi zinachemka kwenye mafuta vuguvugu badala ya kukaangika. Zinakaa dakika 7 au 8 zikisubiri rangi. Unga ukianguka wenyewe ukishika pete, ngisi hakufutwa maji kabla ya kuchovywa.

Samaki wa kupaka ndiye tunayemgombania zaidi, kwa sababu jina lake linauzwa na kazi yake hairuhusu mkato. Samaki wa kilo moja, awe changu, chewa au kolekole, achanjwe mipasuo mitatu kila ubavu, apakwe chumvi, thomu (kitunguu saumu), tangawizi na ndimu, na akae dakika 20 tu. Ndimu ikizidi muda huo inaanza kuivisha nyama kabla ya moto, nayo inakuwa kama chaki. Kisha anachomwa mtupu juu ya makaa mpaka karibu kuiva. Pembeni, nazi mbili zinakunwa na kukamuliwa tui la kwanza kwa maji ya vuguvugu kidogo, kikombe kimoja na nusu hivi. Tui linawekwa motoni na punje 4 za thomu zilizopondwa, tangawizi kiasi cha kidole gumba, pilipili mbichi mbili, nusu kijiko cha chai cha manjano, na chumvi. Mwiko usitoke sufuriani. Baada ya dakika 10 hadi 15 rojo inashuka mwikoni kwa uzito, na hapo ndipo vijiko viwili vya ukwaju vinaingia. Ukiutia mapema, ukaongeza moto na kufunika sufuria, tui litakatika: mafuta juu, maji chini, mabonge katikati. Samaki sasa anarudi makaani, anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena, mara tatu kila upande.

Makosa ni mawili. Wako wanaopaka tangu samaki akiwa mbichi: mafuta ya nazi yanadondoka, makaa yanawaka ndimi, samaki anavaa masizi nje na ndani ana damu kwenye uti. Wengine, na hao ni wengi zaidi, hawachomi kabisa. Wanamkaanga asubuhi, jioni wanammwagia mchuzi wa nazi na kumpa jina. Kumtambua hakuhitaji ufundi. Mgeuze. Wa kupaka wa kweli ana alama za wavu wa jiko pande zote mbili, na rojo imeganda kwenye mipasuo. Ukiiinua nyama kwa uma, rojo inakuja nayo. Yule mwingine anaogelea.

Na tui la kopo? Si haramu. Mara nyingi lina vitu vya kulishikiza, ndiyo maana halikatiki upesi, na mchuzi wake unakuwa laini sare kama rangi ya ukutani, bila vile vidoa vidogo vya mafuta vinavyoelea kwenye tui la nazi iliyokunwa kwa mbuzi. Mwandishi akiona hivyo aandike alichoona.

Kwa kambakochi tuna neno moja zito. Nyama yake ikisambaratika kama pamba iliyolowa, hakupikwa sana, alikufa zamani. Akifa bila kupikwa wala kutolewa kichwa, vimeng'enya vya tumboni mwake vinaanza kuila nyama ya mkia, na hakuna siagi wala thomu itakayoirudisha. Nyama iliyopitiliza motoni ni kitu tofauti: inakaza, inakauka, inang'ang'ania ganda. Wa gramu 500 au 600 aliyepasuliwa kati anataka dakika 3 au 4 nyama ikitazama makaa, kisha 5 au 6 ganda likiwa chini. Hapo ametosha. Kamba naye hujieleza kwa umbo: akijikunja nusu duara ameiva, akijifunga duara kamili amepitiliza. Weusi kwenye kichwa cha kamba mbichi hautoshi kusema ameoza, ni mabadiliko ya ganda baada ya kufa, ila unaonyesha hakupata barafu mapema. Mnuse.

Kwenye meza za jioni kama za Forodhani, mishikaki mingi hufika ikiwa imeshaiva, na makaa ni ya kuipasha tu. Kwa pweza hilo ni sawa, hawezi kuiva kwenye kijiti. Kwa jodari na kamba sivyo. Chagua mbichi, simama uone ikichomwa.

Tumefika kwa jodari, nguru na vibua, na hapa hatuzungumzii utamu tena. Samaki wa jamii hii wana kitu kwenye nyama yao ambacho bakteria hukigeuza kuwa sumu iitwayo histamini samaki akikaa kwenye joto. Saa chache juani kwenye dau, au kwenye meza isiyo na barafu, zinaweza kutosha. Histamini ikishaingia haitoki: kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Samaki anaweza asinuke kabisa. Mlaji anasikia ulimi kuwasha kama pilipili ambayo haimo, kisha ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, ngozi inatoka mabaka, pengine anatapika au kuharisha. Wengi husema "nina aleji ya samaki" na kuacha samaki maisha yao yote, kumbe kosa lilikuwa la barafu. Ulimi ukiwasha, acha kula hapohapo, na anayepumua kwa shida apelekwe hospitali bila kusubiri.

Katika joto la pwani yetu, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu, iliyopondwa, juu na chini na tumboni. Samaki watatu juu ya mabonge mawili ya barafu kwenye kabati la kioo ni mapambo. Waonjaji wenu wakiliona kabati la namna hiyo, waombe samaki aletwe mezani mzima kabla ya kupikwa. Macho yawe yamejaa, matamvua ya kupumulia yawe mekundu bila utelezi wa kijivu, nyama ukiibonyeza irudi. Mkahawa ukisema una minofu tu, basi waulize ni minofu ya nini na waandike jibu, kwa maana minofu haina uso. Sangara wa Ziwa Victoria ni samaki mzuri, lakini akiuzwa kwa jina na bei ya chewa, msomaji ameibiwa.

Wa kukaanga tutamaliza kwa mstari mmoja: mafuta yakiwa meusi na yanatoa povu, kula wali na mchuzi.

Ombi letu, Mhariri, ni kwamba kila makala ya kuonja iandike jina la samaki kwa Kiswahili chake, uzito na kama ni mbichi au aliyeiva, bei, namna alivyopikwa, na tarehe. Tarehe tunaitaka kwa sababu bahari ina majira. Kusi likivuma, vyombo vidogo vinabaki ndani ya miamba, na nguru anayetangazwa kila siku bila kukatika amepitia friza. Kwa pweza tungependa hata tarehe ya mwezi mwandamo. Wanaomchokoa kwa miguu hutoka siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na miamba ikabaki wazi. Kwenye maji mafu, yasipokupwa mbali, tarehe 8 au 22 hivi za mwezi mwandamo, miamba hiyo haifikiki kwa miguu. Akiletwa pweza siku hiyo na kuitwa wa leo, basi amezamiwa kwenye kina, au alikuwa kwenye friza tangu bamvua lililopita, na mhudumu akiulizwa aseme ni kipi.

Ni sisi,
Wapishi wawili wa samaki,
Mjini Unguja.