Gimlet kwa ndimu za nyumbani

Leith, Edinburgh

Mdogo wangu Baraka,

Salamu kwako, kwa mama na wote hapo Arusha. Sisi huku hatujambo, baridi tu. Umeniuliza kwa nini wageni wanairudisha gimlet yako, ile kokteli ya pombe na kordiali ya ndimu. Nimesoma vipimo vyako: mbaya wako ni ile kordiali (maji ya ndimu yaliyotiwa sukari) ya dukani, ina sukari kuliko ndimu.

Kinywaji hiki kina asili ya melini. Mabaharia wa Uingereza walikuwa wakiuawa na kiseyeye, fizi zinavuja damu, meno yanalegea. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwapa machungwa na malimau wawili kati ya wagonjwa 12, wakapata nafuu upesi kuliko wenzao. Jeshi la majini halikuanza kugawa maji ya limau kwa wote mpaka 1795. Halafu kulikuwa na shida ya kuyahifadhi. Walikuwa wakiyachanganya na pombe yasioze. Mtu wa hapa hapa Leith, Lauchlan Rose, mwaka 1867 akapata hataza ya kuhifadhi maji ya ndimu kwa sukari. Maofisa nao wakayatia kwenye jini (ya chupa, si jini wa kupungwa). Jina wengine wanalihusisha na daktari wa jeshi la majini Thomas Gimlette, wengine na keekee ya seremala, ambayo kwa Kiingereza nayo ni gimlet, ubishi haujaisha. Harry Craddock, mhudumu wa baa ya hoteli ya Savoy, London, aliandika mwaka 1930: nusu jini, nusu kordiali. Usimfuate, ni tamu mno.

Kampuni ya Rose ilikuja kununua mashamba ya ndimu kisiwani Dominica, Karibi, na ndimu za huko ni zile zile zetu: ndogo, ganda jembamba, mbegu tele. Za madukani huku ni kubwa, hazina mbegu, na harufu yake hafifu. Kwa hiyo wewe una mali, tengeneza kordiali mwenyewe.

Osha ndimu 20 hivi. Paruza ganda la kijani tu kwa matundu madogo ya grata; ukifika kwenye nyeupe, acha, uchungu wake hautoki tena. Changanya maganda na sukari gramu 200, ponda kwa mkono mpaka sukari ilowe, funika usiku kucha. Asubuhi kamua ndimu, pima maji mililita 200 (usihesabu ndimu, pima), mimina, ongeza ndimu ya unga (asidi ya sitriki) kijiko kimoja cha chai, koroga mpaka sukari iyeyuke, chuja. Usichemshe: ikichemka inanuka kama jamu. Kwenye friji inakaa wiki mbili.

Kwa glasi moja: jini mililita 60, kordiali 25. Jaza barafu chombo cha kutikisia, tikisa kwa nguvu sekunde 12, chuja kwenye glasi uliyoigandisha. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Barafu iliyoanza kuyeyuka kwenye ndoo inatia maji kabla haijatia ubaridi, na kinywaji kinapwaya. Tumia vipande vikubwa, vikavu, vilivyotoka kwenye friza sasa hivi. Mgeni akilalamika ukali, ongeza kordiali mililita 5, si sukari.

Jini iwe yenye harufu ya mreteni, tunda linaloipa jini harufu yake, iliyo wazi. Konyagi usiitie hapa, kordiali itaifunika yote.

Msalimie mama. Kordiali bila jini, kwa maji baridi, ataipenda.

Kaka yako