Mtaro wa barabara uishie mtoni, si uani kwa mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mitaro ya barabara jijini Arusha, hasa kwetu kata za chini. Barabara inachongwa, inashindiliwa moramu, pengine inapata hata lami, na pembeni unajengwa mtaro mzuri wa mawe na saruji. Kisha mtaro ule unafika mahali unakwisha, na mto bado uko mbali. Maji yanamwagika kwenye shamba la mtu, kwenye njia ya watoto wa shule, nyuma ya choo cha jirani. Mimi ni fundi mwashi, kazi ya mawe ndiyo inayonilisha, na nasema wazi: mtaro wa aina hiyo heri usingejengwa.

Anayetaka kuelewa kwa nini na aanzie mlimani. Kilele cha Mlima Meru kina mita 4,566. Katikati ya jiji, kilomita kama 15 tu kutoka hapo, tuko kwenye mita 1,400 hivi. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi na unyevu wake hupanda mlima upande wa kusini na mashariki, hupoa, na kuangusha mvua huko huko. Ndiyo maana Tengeru kumejaa migomba, wakati Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima, watu wanahangaikia maji. Mvua ile haina pa kwenda ila kushuka kwetu kwa mito ya Themi, Naura, Burka na makorongo ambayo mwaka mzima yanaonekana makavu. Unaweza kuwa umeanika nguo juani Muriet, na korongo likajaa maji ya mvua ambayo hata wingu lake hukuliona.

Nenda kaangalie mdomo wa kalavati lolote ambalo maji yake yameachwa yajitafutie njia. Masika ya kwanza utakuta kishimo tu pale maji yanapodondokea, mtoto anakiruka. Chini ya udongo mweusi wa juu, ambao mara nyingi haufiki hata magotini, kuna majivu ya zamani ya volkano ya Meru, ya kijivu, mepesi, ukiyasugua kwa vidole yanakuwa unga. Yakiwa makavu yanasimama wima kama ukuta, na asiyejua atadhani ni mwamba. Yakinywa maji yanalainika kuanzia chini. Maji yanakula shina la ukuta, udongo wa juu unabaki ukining'inia na nyasi zake, halafu unashuka wote kwa kishindo. Kishimo kinarudi nyuma, kinapanda mteremko, kinalifuata kalavati lenyewe mpaka nalo linabaki hewani. Masika yanayofuata pale pana korongo, na nguzo ya umeme iliyokuwa mbali sasa iko ukingoni. Watu wa Kisongo na Monduli wanalijua hili kuliko sisi. Makorongo yamewakatia malisho na mashamba vipande vipande, na mengine yalianza kwa njia ya ng'ombe au maji ya barabara yaliyoachwa yaende yanakotaka.

Tupige hesabu, maana maji yanahesabika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa, ina maana ya mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Barabara yenye upana wa mita 6 na urefu wa kilomita moja ina mita za mraba 6,000. Mvua hiyo ikiiangukia ni lita 300,000. Hapo sijagusa mapaa ya bati wala nyua zilizomwagwa zege. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo yangezama kwenye shamba la kahawa au la mahindi, mengine yakasambaa polepole. Leo yanakusanywa, yanaingizwa kwenye mtaro laini usio na kizuizi, yanapewa kasi, kisha yanaachiwa mlangoni kwa mtu mmoja.

Na hatuzungumzii usumbufu mdogo. Aprili 12, 2024, asubuhi, katika kata ya Muriet, gari la shule lilisombwa na maji likiwa na watoto, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Jiji zima lililia. Miezi minne nyuma yake, Desemba 3, 2023, tope na mawe ya Mlima Hanang yalikuwa yameshukia Katesh, kwa jirani zetu wa Manyara. Sisemi mtaro ndio ulioleta msiba wa Muriet. Nasema kila maji tunayoyasukumia kwenye korongo bila kuangalia huko chini kuna nani, tunayaongezea nguvu maji ambayo yameshatuonyesha yanaweza kufanya nini.

Hata mvua za kawaida zina hasara ambazo haziandikwi popote. Mama anayefuata mboga sokoni alfajiri anakwama, bodaboda anakataa kuvuka au anapandisha nauli, vijana wanavusha watu mgongoni kwa malipo, mwanafunzi anafika shuleni viatu viko mkononi. Sisi mafundi tunakuta lundo la mchanga limeondoka na saruji imeloa, na siku hiyo hakuna hela.

Kiangazi nacho hakitupumzishi. Tope lililotandazwa barabarani mwezi Mei linakauka, magari yanalisaga, na ikifika Julai upepo unalichukua. Linaingia kwenye sufuria ya maharage, kwenye vyerehani vya mafundi wa barazani, kwenye vifua vya watoto. Upande wa Kisongo utaona visulisuli vimesimama virefu uwandani, kimoja kikiisha kingine kinainuka. Watu tunalalamikia mafuriko wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi kana kwamba ni mambo mawili, ilhali ni udongo ule ule uliong'olewa. Unaobahatika kuingia mtoni unaendelea na safari: Themi inaupeleka mto Kikuletwa, Kikuletwa inaupeleka Bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko unatuama chini ya maji tunayoyategemea kwa umeme na kwa samaki.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini dalali anapouza kiwanja kilicho ndani ya korongo, hasemi ni mto. Anamleta mteja mwezi wa Februari, kukavu, ng'ombe wanachungwa humo, bei ni nafuu, na mteja ni kijana aliyekusanya akiba yake kwa miaka. Analetewa kifusi, anajaza, anaita fundi achimbe msingi. Nimekuwa nikikataa kazi hizo, na ninajua anapatikana mwingine wa kuzikubali. Naomba viongozi wa mitaa na wapima ardhi wayahesabu makorongo kuwa ni njia za maji, yachorwe kwenye ramani za mitaa, na mauziano ya humo yasigongwe muhuri.

Wenzetu wa juu, Ilboru, Sanawari na kwingineko, nao wana sehemu yao, na wala si ngumu. Paa la mita za mraba 100 kwenye mvua ya milimita 50 linatoa lita 5,000, yaani simtanki moja kubwa imejaa kwa mvua moja. Anayeweka simtanki anapata maji ya kufulia na kumwagilia, na sisi wa chini tunapata mafuriko yaliyopungua. Anayelima kwenye mteremko achimbe fanya juu, yaani mifereji ya kukinga mteremko ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta, na aoteshe majani ya mabingobingo kwenye matuta. Wazee wa Meru na Kilimanjaro walipanda masale mipakani na kingo za mifereji yao, na mpaka leo ukipita penye masale utaona udongo umeshikwa. Siku hizi tunayang'oa tupate nafasi ya ukuta wa tofali, na ukuta huo maji yakija yanauangusha kwa sababu haukuachiwa hata tundu la kupitisha maji.

Kwa wanaopanga na kujenga barabara ombi langu ni hili. Mchoro wa barabara uonyeshe mwisho wa mtaro kabla ya kuonyesha mwanzo wake. Pale unapomwaga mtoni pajengwe ngazi za mawe na gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, maji yashuke yakiwa yamepungua kasi. Mkandarasi asikabidhiwe malipo ya mwisho mpaka mtaro umefika mtoni na mvua moja kubwa imeupitia. Nitaambiwa fedha hazitoshi. Basi ijengwe nusu kilomita iliyokamilika, na nusu nyingine isubiri bajeti ijayo. Sisi wa chini tumeshasubiri barabara kwa miaka, tutaweza kusubiri tena. Kinachotushinda ni kupewa barabara ambayo masika yake ya kwanza inakula uwanja wa mtu aliyeikubali ipite kwake bila fidia.

Na kabla mhandisi hajaweka vigingi, aketi na wazee wa mtaa husika. Wapo wanaokumbuka maji yalipita wapi kabla ya nyumba kujengwa, na wako tayari kumtembeza kwa miguu mpaka mtoni.

Fundi mwashi,
Muriet, Arusha