Mdogo wangu, kuhusu macho ya Mama

Mdogo wangu,

Huu mwaka wa tatu hupokei simu zangu. Nimechoka kutuma salamu kwa watu, basi nakuandikia hapa, tena kwa Kiswahili, ili wanao wa Nairobi nao wasome.

Unasema siku Mama alipofariki nilishika sheria ya Sabato nikamwacha. Sheria hiyo nani alitufundisha, kama si yeye? Ijumaa jua likielekea kuzama, sarafu, penseli, kiberiti, vyote droo moja. Muktze: kisicho na kazi siku ya Sabato, mkono usikisogeze. Kinara hakiguswi hata mishumaa ikiisha kuzimika, mpaka Jumamosi jioni nyota tatu zitoke. Nyundo Mama alitupatia tuvunjie njugu, kwa kuwa Mishna, kitabu chetu cha kale cha sheria, inaruhusu. Kupigilia msumari, hapana. Sabato hiyo Mama aliishika madirisha yakiwa yamefungwa, Idi Amin alipotupiga marufuku sisi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Wewe hukuwa umezaliwa.

Na maiti ni muktze. Najua neno hilo linachoma. Alikata roho asubuhi ya Sabato pale kibarazani, jua likamfika usoni. Niliposema tumwekee mkate kifuani, maana mkate huruhusiwa kubebwa, ndipo tumwingize ndani, ukapaza sauti kwamba ni uchawi, mbele ya majirani. Talmud, maelezo ya wahenga wetu juu ya Mishna, inasema hivyo hivyo: mkate, au mtoto, kisha mbebeni. Inasimuliwa kwamba Sulemani alijibiwa vivyo hivyo maiti ya baba yake Daudi ilipokuwa juani. Hata hivyo ulimbeba pamoja nami, polepole, usije ukamgonga mlangoni. Sijakushukuru kwa hilo. Asante.

Kisha ukanyoosha mkono umfumbe macho, nikaukamata nikauondoa. Mishna inakataza kuyafumba siku ya Sabato. Mpaka giza likaingia Mama alikuwa akitutazama, nawe ukaondoka usiku ule ule. Jumapili tulimzika, Kadishi, sala ya wafiwa, ikasemwa, na mwanawe hakuwepo. Aliyekosa ni mimi tu?

Baadaye nilisoma katika Talmud kwamba ukipaka mafuta kidogo kati ya kope, na ukibana vidole gumba vya miguu, macho hujifumba yenyewe. Mafuta yalikuwa jikoni, mdogo wangu. Hatua kumi tu. Sikujua. Lakini mkono wako ningeuzuia tena, maana Mama mwenyewe angeuzuia, na wewe unalijua hilo.

Kinara chake ninacho. Ukija Ijumaa, fika Mbale kabla jua halijazama. Simu yako utaiweka kwenye droo ile ile.